Do Moja, Maana Tatu: Mahali Masomo Yetu ya Piano na Sauti Yanakwamia

Kila mtu aliyepita katika kwaya anajua mzozo huu. Maestro anasema: "Mpiga sinte, tupe do." Kijana anabonyeza do. Mwenzake aliyesoma solfeji anainua mkono: "Hapana maestro, ile haiko do, ile iko mi bemol." Mpiga sinte anajibu: "Angalia kidole yangu! Si niko ku do?" Waimbaji wanaanza kucheka. Dakika kumi zinapita, repetisio haijaanza, na jioni kila mtu anarudi kwake akiamini kwamba mwenzake hajui muziki.

Mimi nasema wote watatu wanajua. Maestro ana haki, mwenye solfeji ana haki, hata yule wa kidole ana haki. Wasichojua ni kwamba wanatumia neno moja kwa mambo matatu, na hakuna mwalimu aliyewahi kukaa nao akawatenganishia. Kasoro hiyo njo ninataka kuikosoa leo, kwa sababu inatugharimu kuliko ukosefu wa vyombo ambao tunaulalamikia kila siku. Kijana anaweza kufanya miaka sita kwenye sinte ya kanisa na bado akashindwa kumsindikiza mwimbaji mmoja asiyemjua. Dada mwenye sauti nzuri anaweza kuimba miaka kumi bila kuweza kusema wimbo wake umekaa wapi. Vichwa vyao ni vizima. Walichokosa ni mafundisho.

Tuanze na hizo do tatu.

Do ya kwanza ni sauti yenyewe. Ukibonyeza do ya piano ya Lubumbashi na do ya piano ya Bruxelles, kama zote mbili zimesawazishwa vizuri, utasikia sauti ileile. Hii ni do ya solfeji ya Kifaransa. Haihami. Kama wimbo umepandishwa, majina ya noti zote yanabadilika pamoja nao.

Do ya pili ni nyumbani. Ni ile sauti ambayo wimbo unatoka na kurudia, ile ambayo ukiisikia mwishoni unajua safari imeisha. Popote wimbo ulipo, juu au chini, nyumbani kwake kunaitwa do. Hii ni do ya vitabu vya kwaya vilivyoandikwa kwa herufi d, r, m, f, s, l, t. Inahama pamoja na wimbo.

Do ya tatu ni mahali pa kidole: ule ufunguo mweupe ulio kushoto kwa funguo mbili nyeusi. Zamani, kwenye piano ya mbao, mahali hapo palikuwa na sauti moja tu. Siku hizi sinte ina kitufe cha transpoze. Ukiweka +3, kidole kinakaa do, lakini mi bemol njo inatoka. Kidole na sikio vimeachana.

Sasa soma tena ule mzozo wa juu. Mwenye solfeji anataja sauti, maestro anataja nyumbani, mpiga sinte anataja kidole. Ni kama watu watatu wanabishana kuhusu "Kasai", mmoja akiwaza mto, mwingine akiwaza mkoa, wa tatu akiwaza avenue ya mtaani kwao.

Mchanganyiko huu hatukuuzua sisi, ni urithi. Karibu miaka elfu moja iliyopita, mtawa wa Italia aliyeitwa Guido wa Arezzo alichukua silabi za mwanzo za mistari ya wimbo mmoja wa Mtakatifu Yohane, ut, re, mi, fa, sol, la, ili wanakwaya wake wajifunze nyimbo haraka. Kwake silabi hizo zilionyesha uhusiano wa sauti: wapi kuna hatua nzima, wapi kuna nusu. Ziliweza kuhama. Baadaye si ikaongezwa, ut ikageuka do, na Wafaransa pamoja na Wabelgiji wakazifunga kwenye sauti za chombo: do ikawa do, basi. Uingereza walishika njia nyingine. Mwanamke wa Norwich, Sarah Glover, alitengeneza mbinu ya kuimba kwa herufi ambamo do inahama, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaiendeleza na kuisambaza. Wamisionari Waprotestanti wakaipakia kwenye meli pamoja na Biblia, ikafika Afrika.

Kwa hiyo angalia sisi tulipo. Shule zetu zilifuata njia ya Ubelgiji, na do yetu ya darasani ni ya Kifaransa. Kwaya zetu nyingi zinaimba nyimbo zilizopita kwa mikono ya wamisionari, au zilizovuka ziwa kutoka Tanzania, ambako do inayohama imezoeleka. Halafu ikaja sinte na kitufe chake, ikatuletea do ya tatu. Mtoto mmoja anakutana na zote tatu kwa juma moja, na hakuna anayemwambia kwamba ni tatu.

Bon, tuje kwa kitufe, maana kinatukanwa sana.

Wale waliosoma solfeji wanawaita wenzao "watu wa transpoze", kwa dharau. Mimi siko upande wa dharau hiyo. Irving Berlin, Mmarekani aliyetunga "White Christmas", hakujua kusoma noti, na alipenda kupiga katika fa diezi, ambako vidole vinakaa zaidi kwenye funguo nyeusi. Alipotaka wimbo upande au ushuke, alivuta mti wa chuma chini ya piano yake maalum, na mashine ya ndani ikasogea. Ile ilikuwa transpoze kabla ya umeme. Nani atathubutu kusema Berlin hakuwa mwanamuziki?

Tena kuna jambo ambalo wenye dharau hawalioni. Kijana anayepiga kila kitu katika do, akisaidiwa na kitufe, ameshajifunza kitu kikubwa bila kujua: anasikia uhusiano. Mwimbaji akianzisha wimbo hajawahi kuusikia, baada ya mistari miwili yeye ameshajua akodi inayokuja. Anajua hapa tunatoka nyumbani, hapa tunaenda kwa jirani, hapa tunarudi. Huo ni usikivu wa do ya pili, ambao Curwen alihangaika kuufundisha, na ambao Zoltán Kodály wa Hungaria aliujengea mfumo mzima wa kufundisha watoto. Wako wenye cheti cha solfeji ambao hawana usikivu huo. Ukiwaondolea karatasi, wananyamaza.

Lakini kitufe kina deni lake, na deni hilo halionekani mpaka siku ya kulilipa.

Siku ya kwanza ni ile unapopewa piano ya kweli, ya mbao, yenye funguo 88. Unatafuta kitufe, hakuna. Harusi imeanza, bibi arusi yuko mlangoni, wimbo uko la bemol, na wewe unajua do tu.

Siku ya pili ni ile wimbo wenyewe unapohama katikati. Nyimbo nyingi za zamani za kanisa zinaenda kwa jirani, kwenye nyumba ya sol, kwa mistari miwili tu, halafu zinarudi. Ukiwa do utasikia fa diezi inaingia. Hakuna mkono unaoweza kubonyeza +7 na kurudi 0 kwa muda huo. Mpiga sinte wa funguo nyeupe anapita hapo akipiga fa ya kawaida, waimbaji wa sauti ya pili wanavutwa chini, na maestro anawalaumu wao eti hawakufanya mazoezi.

Siku ya tatu inatokea karibu kila Jumapili: umesahau +2 ya wimbo uliopita. Gitaa la besi limeanza katika sol, wewe umeanza katika la, na mbele za Mungu na watu mnasikika kama sokoni.

Siku ya nne ni ile fanfari inapoalikwa. Mwenye tarumbeta ya kawaida, akisoma do, chombo chake kinatoa si bemol ya piano. Ndivyo tarumbeta ilivyotengenezwa. Hii sasa ni do ya nne! Mwenye kujua tofauti za do atafanya hesabu na kuendelea. Asiyejua atasema tarumbeta imeharibika.

Nimesema vya kutosha juu ya mpiga sinte. Tuje kwa mwimbaji, maana huku njo kuna maumivu zaidi. Piano haina koo. Ukiipandisha mpaka juu haiumii. Mwimbaji anaumia.

Kwetu mwanafunzi wa sauti anafundishwa kana kwamba chombo kiko mbali naye. Anapewa wimbo, anausikiliza kwenye simu, anauiga pale ulipo. Kama aliyeurekodi ana sauti nyembamba ya juu, dada wa sauti nzito anamfuata hukohuko juu kwa kukaza shingo. Jumatatu sauti imekauka. Anakunywa tangawizi na asali, anasema ni baridi ya usiku. Kumbe wimbo ulikuwa umekaa vibaya kwake, na hakuna aliyemfundisha kuuhamisha.

Kumfundisha si kazi ya mwaka. Chukua mfano. Wimbo fulani, ukiuandika katika do, noti yake ya chini kabisa ni sol iliyo chini ya nyumbani, na ya juu kabisa ni la iliyo juu ya nyumbani. Sasa mwimbaji anakaa kwenye piano, anatafuta noti ya chini anayoweza kuimba bila kunong'ona na ya juu anayoweza kuimba bila kukaza. Tuseme amepata la chini ya do ya kati, mpaka re iliyo oktava na hatua moja juu ya hiyo do. Katika do, sol ya chini inamkimbia: ni hatua nzima chini ya uwezo wake. Basi tupandishe nyumbani mpaka re: noti ya chini inakuwa la, anaifikia. Tukiendelea kupandisha, nyumbani kukifika fa, noti ya juu inakuwa re, mpaka wake. Kwa hiyo wimbo huu kwake unakaa re, mi bemol, mi, au fa. Nje ya hapo ni kujiumiza. Dakika tano za kazi, na dada anaingia repetisio akisema: "Mwalimu, mimi wimbo huu naimba mi bemol." Hatasubiri tena mpiga sinte amtafutie kwa kubahatisha.

Lakini ili afike hapo, mwimbaji lazima aguse piano. Na mpiga piano lazima aimbe. Hapa nafikia kosa kubwa la mafundisho yetu: tumetenganisha mambo ambayo yanafundishana. Mpiga sinte anakaa kimya miaka yote nyuma ya chombo. Mwimbaji anasimama mbele akikiogopa. Wa kwanza anajua mahali pa vidole bila kusikia kitu ndani ya kichwa, na wa pili anasikia asipojua pa kuweka kidole.

Wengine watasema: "Babu zetu hawakuwa na solfeji wala namba, na waliimba." Kweli kabisa, na tuchukulie hoja hiyo kwa heshima. Missa Luba, iliyozaliwa Kamina na kurekodiwa 1958 pamoja na padri Guido Haazen, haikuanza kwenye karatasi. Waimbaji waliijenga kwa kuimba pamoja, wakifuata namna za nyimbo za kwao, na dunia nzima ikaisikiliza. Lakini tusijidanganye juu ya maana ya kisa hicho. Wale hawakuwa watu wasiofunzwa. Masikio yao yalikuwa yamelelewa tangu utoto ndani ya utamaduni unaojua nani anaanza, nani anaitikia, sauti ya pili inakaa wapi. Ilikuwa shule, ingawa haikuwa na ubao. Sisi wa mjini tumeacha shule ile, na hatujaingia kikamilifu katika hii nyingine. Tunasema "sisi tunapiga kwa sikio", lakini sikio hatulifundishi. Tunalilisha video za simu zinazoonyesha ufunguo gani unawaka, na kidole kinafuata taa.

Sasa tufanye nini? Kukosoa bila kupendekeza ni kelele, basi napendekeza.

La kwanza, tuyape mambo matatu majina matatu. Do, re, mi zibaki kwa sauti za chombo, kama Wafaransa walivyotuachia, kwa sababu vitabu na mitihani yetu inazitumia hivyo. Nyumbani tukuite 1, na hatua zinazofuata 2, 3, 4, 5, 6, 7. Hili si jambo geni. Jean-Jacques Rousseau alipeleka pendekezo la kuandika muziki kwa namba mbele ya Akademi ya Sayansi ya Paris mwaka 1742, na wanamuziki wa studio za Nashville wanaandika akodi kwa namba mpaka leo, ili mwimbaji akibadilisha kimo, karatasi isibadilike. Na kidole kiitwe kidole: "funguo nyeupe ya kushoto kwa nyeusi mbili". Mzozo wa maestro utaisha siku hiyohiyo: "Tupe 1. Leo 1 iko mi bemol."

La pili, gama ifundishwe kama njia, si kama orodha. Kutoka 1 mpaka 1 ya juu: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Mwanafunzi aimbe njia hiyo kwa namba, kisha aitafute kwa vidole akianzia popote. Akianza do atakuta nyeupe tupu. Akianza mi bemol atapata mi bemol, fa, sol, la bemol, si bemol, do, re. Hakukariri kitu, ametembea. Vivyo hivyo akodi: 1, 5, 6, 4, ambazo zinabeba nusu ya nyimbo za kizazi chetu, katika mi bemol ni mi bemol, si bemol, do minè, la bemol.

La tatu, mazoezi ya kila siku yasiwe kurudia wimbo wa Jumapili tangu mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ni repetisio. Mazoezi ni kuchukua kitu kidogo usichokiweza na kukigeuza kuwa kitu unachokiweza. Nusu saa inatosha kuanza. Dakika tano, imba namba bila chombo: 1-3-5-3-1, kisha 1-4-6-4-1, kisha 7-2-5 na kurudi 1. Dakika kumi, piga besi ya wimbo unaoujua kwa mkono wa kushoto huku ukiimba sauti ya juu kwa namba. Dakika kumi, wimbo uleule katika nyumba mpya. Anza na sol, ambayo ina diezi moja tu, kisha fa yenye bemol moja, kisha re, kisha si bemol. Nyumba moja kwa juma, na nyumba zote ni 12. Dakika tano za mwisho, soma mistari michache ya noti usizozijua, polepole, bila kusimama.

Na umeme ukikatika? Sehemu ya kwanza haihitaji umeme. Ya pili unaweza kuifanya juu ya meza, vidole vinatembea, mdomo unaimba. Pale utajua ukweli: kama bila chombo huwezi kusema besi inaenda wapi, basi kwenye chombo ulikuwa unabahatisha.

Kitufe cha transpoze tusikitupe. Siku ya ibada, mwimbaji akibadilisha kimo ghafla, kitumie, hakuna dhambi. Lakini wakati wa mazoezi kiwe sifuri.

Kuna mtu atasema hayo ni ya wenye nafasi, wa Ulaya au wa Gombe. Naye namkumbusha Orchestre Symphonique Kimbanguiste ya Kinshasa, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994. Walianza wakiwa wachache, bila vyombo vya kutosha, wakipokezana vile walivyokuwa navyo, wengi wakijifunza kusoma noti wakiwa watu wazima baada ya kazi. Filamu ya 2010 ikawaonyesha kwa dunia wakipiga Beethoven. Ndani ya orkestra kama ile, klarineti, tarumbeta na horni kila moja ina do yake, na watu wanaelewana kwa sababu mtu aliwaeleza. Hawakuzaliwa wakijua.

Nasisi wenye diploma tuko katika nafasi gani? Wengi wetu tunafundisha, kwa mshahara au bure: watoto wa Sunday school, kwaya za vijana, wadogo zetu nyumbani. Mtoto anapouliza "Yaya, wimbo huu uko do gani?", jibu letu la kawaida ni kubonyeza kitufe na kusema "uko hapa". Anapata kimo cha leo, lakini kesho atarudi kuuliza tena. Tumjibu kwa maneno matatu: 1 iko wapi, inaitwaje kwenye chombo, na kidole kikae wapi. Kisha tumwachie piano ajaribu mwenyewe, na tukae kimya mpaka aipate.